Upanga Unaoonekana na Mkono Usioonekana

Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya waalimu na wanafunzi wa sasa



Desturi ya mkutano wetu ni kwamba anayeitwa kuzungumza husimulia habari za kazi yake, akamalizia kwa kuwahimiza vijana wasome kwa bidii. Mwaka huu nimeombwa jambo jingine. Mwalimu mlezi wa wanafunzi wanaocheza michezo ya mezani aliniandikia barua, na ndani yake mlikuwa na swali moja tu. Nimeona swali hilo linastahili kujibiwa hadharani, kwa sababu limekwisha kuvunja kikundi cha vijana waliokuwa wakipatana.

Swali lenyewe ni hili. Vijana hawa hukutana maktabani kila Jumamosi alasiri wakacheza mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Mmoja wao anaigiza mpelelezi. Mpelelezi huyo amefanyiwa uganga wa kutoonekana, na mkononi ana upanga ambao ukitamkiwa neno lake huwaka moto. Ameingia katika chumba chenye giza totoro, na humo mna walinzi wanne. Akatamka neno. Je, walinzi wanaona nini?

Wa kwanza akasema hawaoni kitu. Wa pili akasema wanaona upanga wa moto unaelea hewani. Wa tatu akashikilia kwamba uganga wenyewe umevunjika papo hapo na mpelelezi yuko wazi kama mchana. Mwamuzi wa mchezo alikubali la kwanza. Juma lililofuata adui mmoja akaja kwa hila ile ile, naye mwamuzi akakubali la pili. Vijana wawili wakafunga madaftari yao wakatoka, na hadi barua ile ilipoandikwa walikuwa hawajarudi mezani.

Naona wazee wenzangu wa safu ya mbele wanatazamana. Nawaomba wavumilie. Sisi tuliosoma hapa tuliwahi kununiana muhula mzima kwa sababu ya goli lililovuka au lisilovuka mstari, na mstari wenyewe ulikuwa wa majivu.

Kwa wasioujua mchezo huu, nitaueleza kwa ufupi. Uliandikwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974 katika vitabu vidogo vitatu ndani ya sanduku moja. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Hauna ubao wa kushindania wala kete za kula. Watu huketi kuzunguka meza, kila mmoja akamwigiza mhusika wake, na mmoja wao akawa mwamuzi, ambaye husimulia mazingira, huwaigiza maadui, na huamua jambo linapokuwa na shaka. Shaka ikizidi hutupwa dadu, na dadu iliyo kuu kuliko zote ina pande 20. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi huko Marekani waliuogopa wakidhani unafundisha watoto uchawi wa kweli. Wazazi waliomo humu wasiwe na hofu. Uganga ninaozungumza juu yake ni wa kwenye karatasi, hauna tunguri wala hirizi, na anayetaka kuutumia hana budi kujua kujumlisha na kutoa. Tangu Januari 2023 sehemu kubwa ya kanuni za toleo la tano imetolewa bure kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzitumia na kuzinakili, ndiyo sababu kikundi cha shule isiyo na fedha za kununua vitabu vya ng'ambo kinaweza kuucheza bila kuiba.

Sasa turudi chumbani kwenye giza.

Swali hili la vijana wetu ni la zamani kuliko mchezo wenyewe. Wako Wawelshi, watu wa magharibi ya Uingereza, ambao hadithi zao za kale zimehifadhiwa katika miswada ya karne ya 14. Katika mojawapo, mfalme Bendigeidfran anavuka bahari kwenda Ireland kumtetea dada yake Branwen, na nyuma anawaacha wakuu wachache wailinde nchi, kiongozi wao akiwa mwanawe Caradog. Huku nyuma anatokea Caswallawn mwana wa Beli, aliyetamani taji. Anavaa joho la uganga, anaingia kati ya wakuu wale na kuwaua mmoja mmoja. Hakuna aliyemwona Caswallawn. Lakini upanga wake uliwaonekania wote.

Hebu jiweke mahali pa Caradog. Unaona chuma peke yake kinapanda na kushuka, watu wako wanaanguka, nawe hujui umkabili nani. Hadithi inasema Caswallawn hakutaka kumwua Caradog, kwa kuwa walikuwa ndugu wa ukoo, lakini Caradog alikufa hata hivyo, moyo ukampasuka kwa bumbuazi. Hilo joho, kwa hiyo, lilimficha mtu likaacha silaha nje. Na kwa maoni yangu aliyeitunga habari hii alijua sana alichokuwa anakifanya, maana kama upanga nao ungefichika, Caradog angedhani ni ugonjwa au radi. Kilichomwua ni kuiona kazi ya mkono bila kumwona mwenye mkono.

Wajerumani nao wana utenzi wao mkubwa, Nibelungenlied, uliotungwa karibu na mwaka 1200. Humo shujaa Siegfried ana vazi la kutoonekana ambalo pia humwongezea nguvu za watu kumi na wawili. Mfalme Gunther anataka kumwoa Brünhild, malkia ambaye hakubali mume asiyemshinda kwa kurusha mkuki, kutupa jiwe na kuruka. Gunther hawezi. Basi Siegfried anajifunika vazi, anasimama kando yake na kufanya kazi yote, huku Gunther akiigiza mwendo tu ili watazamaji waone mtu anayetenda. Mkuki wa Brünhild unapokuja, Siegfried anaurudisha, lakini kwanza anaugeuza ili utangulie mpini, asije akamwua bibi harusi. Watazamaji wanauona mkuki unatoka upande wa Gunther, nao wameridhika. Hapa silaha inaonekana, lakini amepatikana mtu mwingine wa kuibeba machoni pa watu. Baadaye siri ilifichuka wake wa mashujaa hawa wawili walipogombana hadharani, na ugomvi huo ndio uliomfikisha Siegfried kwenye kifo chake.

Naleta hadithi hizi kwa sababu waandishi wa mchezo walirithi mashujaa kama hawa, na iliwabidi wafanye jambo ambalo mtambaji hadithi halazimiki kulifanya. Mtambaji akisema upanga ulionekana, ulionekana, na kesho akisema haukuonekana hakuna wa kumshitaki. Mwandishi wa kanuni anawaandikia watu asiowajua, watakaokaa mbali naye na kubishana usiku. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusoma rasimu za kanuni kabla hazijatiwa sahihi, na naweza kuwaambia kwamba maneno yanayoleta taabu si yale magumu. Taabu huletwa na maneno mepesi ambayo kila mtu anadhani anayajua. "Kubeba" ni mojawapo. "Kushambulia" ni jingine.

Tuanze na kubeba. Mchezo huu umeuweka uganga wa kutoonekana katika fungu la viini macho. Yaani mwili wa mpelelezi upo, una uzito, unatoa jasho na harufu. Macho ya watazamaji ndiyo yaliyofungwa. Kwa hiyo akikanyaga matope nyayo zinabaki, akiingia majini maji yanaachana, na akikohoa anasikika. Vijana wengi hudhani kwamba asiyeonekana amekwisha jificha. La hasha. Kutoonekana ni jambo moja na kujificha ni jambo jingine, na anayetaka yote mawili hana budi kunyamaza na kunyata kama mtu mwingine yeyote.

Na vitu alivyovaa au kuvibeba hufichika pamoja naye, upanga ukiwamo. Hapo mchezo ukaachana na Caswallawn. Toleo la tatu, lililotoka mwaka 2000 na kusahihishwa mwaka 2003, lilifafanua zaidi: kitu akikiweka chini kinaonekana, akiokota kingine hakifichiki mpaka akitie mfukoni au ndani ya nguo, na sehemu ya kitu inayochomoza zaidi ya futi 10 kutoka mwilini mwake inaonekana. Kanuni hiyo ya futi 10 huwachekesha watu, lakini mimi naiheshimu. Bila shaka mahali fulani palikuwa na kijana aliyefunga kamba ndefu kiunoni akadai kamba yote imefichika mpaka mji wa pili.

Sasa moto. Toleo hilo la tatu lina sentensi moja ambayo ingewaepusha vijana wetu na ugomvi wote. Linasema kwamba nuru haifichiki kamwe, ingawa kitu kinachotoa nuru chaweza kufichika. Matokeo yake ni mwanga usio na chimbuko linaloonekana. Toleo la tano, ambalo ndilo vijana wanalolicheza, limenyamaza juu ya jambo hilo katika maelezo ya uganga huu. Linaeleza tu kwamba upanga wa moto unamulika sawasawa hadi futi 40 na kwa hafifu futi 40 nyingine. Kwa kuwa limenyamaza, kila mmoja amejaza mwenyewe.

Jibu langu ni kufuata toleo la tatu, na nitaeleza kwa nini. Walinzi wanne wamo gizani. Ghafla chumba kizima kinang'aa. Wanaonana sura zao, wanaona kuta, wanaona vivuli vyao wenyewe vikilala sakafuni. Hawaoni mwali wala upanga wala mtu. Lakini mlinzi ambaye si mjinga ataangalia kivuli chake kimeelekea wapi, naye atajua nuru inatokea upande wa pili. Basi mpelelezi hajafichuka, ila amejitangaza. Hiyo ndiyo bei ya kuwasha moto, na ni bei ya haki, kwa sababu asiyetaka kuilipa angeweza kuuacha upanga baridi mpaka dakika ya kupiga. Anayesema walinzi hawaoni kitu chochote anataka moto uunguze na usimulike. Anayesema wanaona upanga unaelea anamnyima mpelelezi kile ambacho kanuni imempa waziwazi, maana upanga umo mkononi mwake. Na yule wa tatu, aliyedai uganga umevunjika, aoneshe ni wapi palipoandikwa kwamba kuwasha taa ni kushambulia.

Toleo lile la tatu lilikuwa na jambo jingine la kupendeza. Lilisema asilimia 30 ya silaha zenye uganga hutoa mwanga wa kudumu. Silaha ya namna hiyo ikiisha kufutwa alani haiwezi kufichwa, wala mwanga wake hauzimiki. Kwa hiyo mtu aliyepata upanga bora kuliko wa wenzake angeweza kujikuta hafai tena kwa kazi ya usiku. Nasikitika kwamba toleo la tano halikuiendeleza kanuni hiyo kwa silaha zote.

Nije kwenye neno la pili, kushambulia, ambalo ndilo zito.

Tangu zamani mchezo umekubali kwamba kutoonekana hakuwezi kuwa rungu la bure. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kinasema uganga unadumu mpaka uvunjwe, au mwenyewe auondoe, au amshambulie kiumbe yeyote. Pigo la kwanza analipata kwa faida ya kufichika, kisha yuko wazi. Sababu yake haihitaji mwanasheria. Mezani pana watu watano au sita. Kama mmoja aweza kupiga na kuendelea kutoonekana, wengine wamekuja kumtazama yeye tu, na adui hana la kufanya ila kufa kama Caradog. Upo uganga mkubwa zaidi ambao hauvunjiki kwa kupiga, lakini katika toleo la tano unadumu dakika moja tu, yaani mizunguko 10 ya vita, na mhusika anayeanza hawezi kuupata.

Lakini kushambulia ni nini? Toleo la mwaka 2003 lilijibu kwa mifano, na mifano hiyo nimeikumbuka mara nyingi nikiwa kazini. Linasema kudhuru kwa njia isiyo ya moja kwa moja si kushambulia. Asiyeonekana aweza kufungua milango, kuzungumza, kula, kupanda ngazi. Aweza kuwaita wanyama wa ajabu nao wakashambulia. Aweza kufungua lango ili mbwa wakali watoke. Na aweza kuzikata kamba za daraja la kamba wakati maadui wako juu yake. Haya yote akiyafanya, uganga haumtoki.

Tafakarini daraja hilo. Watu kumi wako juu ya bonde. Mkono usioonekana unakata kamba kwa upanga wenye uganga, ambao umekata mara moja ambapo kisu cha kawaida kingehitaji mara tano. Watu kumi wamekufa, na aliyekata bado hajulikani, kwa hoja kwamba alishambulia kamba. Wakati huohuo mwenzake aliyemkwaruza mlinzi mmoja shavuni kwa kisu butu amefichuka mbele ya wote. Ndugu zangu, mimi ni mtumishi wa serikali, na nimeona karatasi nyingi zilizokata kamba za madaraja. Aliyekata aliandika tu kwamba ameagizwa, au kwamba yeye alishughulikia kamba peke yake na habari ya watu haikumo katika jalada lake. Siwezi kuisoma kanuni ile bila kuwakumbuka walioanguka.

Toleo la tano la mwaka 2014 lilijaribu njia nyepesi. Likasema uganga unakoma kwa mtu anayeshambulia au anayefanya uganga mwingine, na ukitaka kujua kama umeshambulia, jiulize kama umetupa dadu ya shambulio. Ni kanuni safi, inajulikana mara moja, haina ubishi. Lakini aliyemwaga mafuta sakafuni na kuyatia moto hakutupa dadu ya shambulio, wala aliyekata daraja. Mlango ule ule ulibaki wazi, umebadilishwa komeo tu.

Ndipo mwaka 2024, walipotoa kitabu cha wachezaji kilichosahihishwa, wakaongeza maneno machache. Sasa uganga unakoma mara tu baada ya mtu kutupa dadu ya shambulio, au kusababisha madhara, au kufanya uganga. Hayo maneno ya katikati ndiyo yaliyochukua miaka hii yote. Na hata hivyo, nawaambia, daraja halijakwisha. Mtetezi wa mkata kamba atasema: madhara yamesababishwa na mawe ya bondeni. Ningekuwa mwamuzi ningemwambia akae chini.

Sasa upo upanga mmoja katika mchezo huu ambao unazitia kanuni zote hizi katika mtihani, nao ni upanga unaocheza. Mwenyewe anaurusha hewani, anatamka neno, nao unaelea, unaruka hadi futi 30, unampiga adui peke yake, na baada ya kupiga mara ya nne unajaribu kurudi mkononi. Chukua mpelelezi asiyeonekana, mpe upanga huo, umepata Caswallawn kamili. Upanga umeuacha mwili wake, kwa hiyo unaonekana. Yeye amesimama pembeni amekunja mikono. Je, ameshambulia?

Mchezaji mwerevu atasema hapana, upanga ndio ulioshambulia, kama mbwa waliofunguliwa lango. Ni hoja nzuri, na mara ya kwanza nilipoisikia, nikiwa chuo kikuu, meza nzima iliipigia makofi. Lakini kanuni ya upanga huo katika toleo la tano inasema kwamba unapopiga hutumia dadu ya shambulio ya mwenye upanga, pamoja na nyongeza ya uwezo wake yeye. Mbwa huuma kwa meno yake. Upanga huu unapiga kwa ustadi wa mtu aliyeurusha. Kwa hiyo dadu ni yake, na shambulio ni lake, na uganga unamtoka. Nasema hivyo bila kusita. Anayetaka silaha imfanyie kazi kwa jina la silaha, ahakikishe kwanza kwamba haiazimi mkono wake.

Mshale ni rahisi zaidi. Ukiwa katika podo umefichika. Ukiachiliwa umeuacha mwili na unaonekana. Na aliyeuachilia naye amekwisha shambulia. Hakuna la kubishania.

Vijana wawili wa Kidato cha Nne waliniuliza asubuhi hii kipi ni bora, kutoonekana au upanga wenye nguvu. Wazee wanaweza kupumzika kidogo, hii ni hesabu. Asiyeonekana hutupa dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Upanga wenye uganga mkubwa wa kawaida unamwongezea mpigaji 3. Ikiwa adui ni wa kadiri, na unahitaji 11 au zaidi ili umpate, bila msaada utampata mara 50 katika 100. Ukiwa na upanga ule, mara 65. Ukiwa huonekani, mara 75. Kutoonekana kumeshinda. Lakini ikiwa adui amevaa chuma kizito kiasi kwamba unahitaji 20 kamili, bila msaada ni mara 5 katika 100. Kutoonekana kunakupa karibu 10, na upanga unakupa 20. Hapo upanga umeshinda kwa mbali. Tena faida ya kutoonekana, kwa uganga ule mdogo, ni ya pigo moja, lakini upanga utakuwa nao kesho. Yaani kutoonekana humfaa zaidi aliyekwisha kuwa na uwezo, na silaha humfaa anayekabili ukuta. Fanyeni hesabu hizo wenyewe kabla ya kununua chochote kwa dhahabu yenu ya karatasi.

Nimesema mengi juu ya silaha iliyo mkononi mwa asiyeonekana. Iko pia silaha inayokwenda upande wa pili, kumpata asiyeonekana. Katika kitabu cha J. R. R. Tolkien, The Return of the King, kilichotoka mwaka 1955, yumo nahodha wa adui ambaye amevaa taji na joho lakini kichwa hakionekani. Anayemtia jeraha la kwanza si shujaa mkubwa, ni Merry, kijana mfupi aliyekuwa amesahauliwa matopeni. Alimchoma nyuma ya goti kwa kisu cha kale kilichotolewa kaburini, ambacho mafundi wake walikifua karne nyingi nyuma kwa ajili ya vita dhidi ya adui huyo huyo. Kisu kikavunja uganga ulioushikilia mwili usioonekana, kisha chenyewe kikateketea.

Katika mchezo wetu sijaona upanga wa kawaida wenye tabia hiyo, na mwamuzi mwenye akili angeweza kuutunga. Kilichopo ni uganga mwepesi wa nuru unaowazungushia watu na vitu mstari wa mwanga mwilini. Aliyeguswa nao hapati tena faida ya kutoonekana, ingawa uganga wake haujafutwa. Na asiyekuwa na uganga wowote ana unga. Mfuko mmoja wa sembe, ukimwagwa sakafuni, utawaonesha walinzi wanne nyayo za mpelelezi zikija. Nashangaa kwamba katika ubishi wote wa maktabani hakuna aliyewafikiria walinzi wale kama watu wenye jiko.

Ndugu Mwenyekiti, naona umetazama saa, nitamaliza na habari ya mwamuzi wetu.

Kilichowatoa wale vijana wawili mezani si hukumu ya kwanza, ingawa mimi naiona haikuwa sawa. Kilichowatoa ni hukumu ya pili. Moto wa rafiki haukuonekana, na moto wa adui ulionekana. Mwamuzi anaruhusiwa na mchezo huu kuamua pale kanuni iliponyamaza, tena anatakiwa aamue haraka ili watu wasikae bure. Lakini akiisha kuamua, aliloamua ni kanuni ya meza hiyo, nalo linamfunga yeye mwenyewe pamoja na kila zimwi analoliigiza. Kwa sababu hiyo nimeleta daftari, hili hapa, lenye jalada gumu, nalitoa kwa kikundi. Kila hukumu iandikwe humo kwa tarehe, kwa maneno mafupi, ikiwa na sababu yake. Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuuandika, kwa idhini ya mwalimu mlezi: nuru ya silaha haifichiki, silaha yenyewe inafichika madamu imo mwilini, upanga unaocheza ni shambulio la aliyeurusha, na haya yote ni kwa rafiki na kwa adui sawasawa.

Nimeambiwa wale wawili wamo ukumbini. Sitawasimamisha. Jumamosi chumba kile cha giza kitachezwa upya tangu pale mpelelezi alipofungua mlango, na viti viwili vimeachwa. Habari ya daraja la kamba sikuiandika daftarini. Hiyo mbishane wenyewe, na ukurasa wa pili uko mtupu.